UZI: Shahada ya kwanza ya anthropolojia ya jamii, unasoma nini hasa na uulize nini kabla ya kuijaza

Mwana wa Kiwira (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila dirisha la udahili likifunguliwa napata ujumbe wa pembeni wa aina moja: "Mkuu, hii anthropolojia ni kozi gani, na mtu akimaliza anakwenda wapi?" Wengine ni wazazi ambao mtoto keshachaguliwa, na nyumbani hakuna anayejua ampe pole au hongera. Nimeona bora niandike hapa kwa kirefu, na wenye uzoefu waongeze. Shahada hii niliisoma, ndiyo inayoniweka mjini mpaka leo, na nataka vijana waingie wakijua wanachoingilia.

Suala la mifupa tulimalize kwanza. Ukitaja anthropolojia kwetu, mtu anawaza Olduvai na lile fuvu alilolipata Mary Leakey mwaka 1959. Hilo ni tawi jingine, la binadamu wa kale. Anthropolojia ya jamii inahusu watu walio hai: wanaoana vipi, nani anarithi shamba, chakula kinagawanywaje ndani ya nyumba moja, maiti inaoshwa na nani, mwenye deni anadaiwaje bila kuvunja ujirani, mgonjwa anapelekwa kwanza hospitali au kwa mganga, na nani anaamua.

Kazi ya kwanza utakayopewa huenda ikawa kuchora nasaba. Pembetatu ni mwanamume, duara ni mwanamke, vistari viwili sambamba ni ndoa, aliyefariki anakatwa kwa mstari wa mshazari. Unaanza na wewe mwenyewe, unapanda kwa wazazi na babu, unashuka kwa wapwa. Inaonekana kazi ya kitoto mpaka siku utakapokaa na bibi yako umuulize. Ndipo yanapojitokeza majina ambayo hujawahi kuyasikia: mke wa kwanza wa babu, mtoto aliyepelekwa kulelewa kwa shangazi akabaki hukohuko. Darasani tulikuwa na mwenzetu Mluguru. Uluguruni ukoo unafuatwa kwa mama, na ardhi ya ukoo inakwenda kwa njia hiyo. Mchoro wake ulipobandikwa ubaoni kando ya mchoro wa rafiki yake Mchaga, ambaye kwao kihamba, yaani shamba la ukoo, kinatoka kwa baba kwenda kwa mwana, mhadhiri hakusema mengi. Tuliona wenyewe kwa nini ugomvi wa shamba wa Matombo hauwezi kuamuliwa kwa mazoea ya Marangu.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya kukaa kijiweni. Kila mtu achague mahali penye watu, dodoso marufuku. Kaa, salimia, angalia, usiku andika. Mimi nilichagua kijiwe cha bodaboda karibu na stendi. Mwanzoni niliona vijana wamekaa tu juu ya pikipiki. Baadaye nikaanza kuona zamu, na jinsi inavyolindwa kwa ukali. Abiria anayetokea barabarani ni wa aliye mbele. Lakini abiria akimpigia simu dereva wake, huyo anaondoka, akirudi anakuta nafasi yake inamngoja. Mgeni anayetaka kuingia analipa kiingilio, na pesa ile haigawanywi, inakaa kwa mweka hazina. Nilijua inasubiri nini siku mmoja wao alipofiwa na mama: kabla hata pikipiki hazijawashwa kwenda msibani, mchango ulihesabiwa, na kile kiingilio kilikuwa ndani yake. Kumbe kile kijiwe kilikuwa pia chama cha kuzikana. Dodoso lisingelipata hilo, kwa sababu anayeliandaa anauliza kuhusu mapato, mafuta na faini za trafiki. Msiba hautamjia akilini.

Njia hii ndiyo moyo wa kozi. Jina linalotajwa sana ni la Bronisław Malinowski, aliyekaa visiwa vya Trobriand wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, akajifunza lugha, akapiga hema kijijini. Kitabu chake cha mwaka 1922 kinaeleza "kula" (neno la hukohuko, si kula chakula), mzunguko wa watu wa visiwa vile kuvuka bahari kwa mitumbwi kupeana mikufu na bangili za kombe. Mikufu inazunguka upande mmoja, bangili upande wa pili, na anayepokea hatakiwi kukaa nayo moja kwa moja. Mpita njia angesema wanapoteza muda. Aliyekaa nao aliona kwamba humo ndimo mtu anapopatia jina na rafiki wa kisiwa cha mbali, na kwamba biashara ya vyakula na vyombo inasafiri na mitumbwi hiyohiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu. Kabla hujaijaza, uliza idara: mwanafunzi wa shahada ya kwanza anakwenda fildi kwa muda gani, na nani anasoma daftari lake? Ukiambiwa ripoti zinaandikwa kwa kukusanya vitabu maktaba, tafuta chuo kingine. Ukiiondoa fildi, unabaki na orodha ya Wazungu waliosafiri.

Karibuni kwa maswali.

Kijana wa HGL

Asante kaka. Mimi nimemaliza kidato cha sita mwaka huu. Swali: ina tofauti gani na sosholojia? Na hesabu zipo? Hesabu na mimi hatuelewani.

Mwana wa Kiwira

Mdogo wangu, takwimu utakutana nazo kidogo, usiziogope. Kuhusu sosholojia, kwetu mpaka ni mwembamba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Sosholojia na Anthropolojia, pamoja, na Makerere vilevile. Nairobi wao wameiweka anthropolojia pamoja na jinsia na masomo ya Afrika. Baada ya uhuru vyuo vingi vya Afrika vilipendelea jina la sosholojia, maana lile jingine lilinuka ukoloni.

Kiutendaji, sosholojia inaelekea zaidi kwenye dodoso, sampuli kubwa, miji na taasisi. Anthropolojia inachagua mahali padogo na kukaa muda mrefu. Lakini utakuta mwalimu mmoja anafundisha zote mbili, kwa hiyo angalia orodha ya masomo yenyewe kuliko jina la shahada.

Mzalendo wa Kweli

Mkuu, mchango wako nauheshimu, ila tuwe wakweli kwa vijana. Elimu hii ilikuja na bunduki. Walitumwa kutusoma ili watutawale vizuri. Mtoto wa Kitanzania atumie mkopo wa serikali kusoma tulivyokuwa tukiandikwa kama wanyama wa mbugani? Kuna uhandisi, kuna kilimo.

Mwana wa Kiwira

Mkuu, historia hiyo siikatai. Mwanafunzi anayehitimu bila kuijua hakufundishwa.

Tena mfano uko nyumbani. Miaka ya 1930 pale Iringa, afisa wa serikali Bruce Hutt na mwanaanthropolojia Gordon Brown walifanya jaribio la wazi kabisa: afisa anauliza maswali ya utawala, mtaalamu anayajibu kutokana na maisha ya Wahehe. Mwaka 1935 wakalichapisha. Sudan nako, mwanaanthropolojia Mwingereza Evans-Pritchard alikwenda kwa Wanuer mwaka 1930 kwa ombi la serikali iliyokuwa imetoka tu kupigana nao. Mwenyewe ameandika kwamba alfajiri moja askari walizingira kambi aliyokuwemo, wakachukua mateka, na muda mfupi baadaye akaondoka. Nani angebaki?

Lakini tazama Waafrika waliokutana na elimu hiyo walifanya nini. Kenyatta aliisoma London chini ya Malinowski huyohuyo, na mwaka 1938 akatoa kitabu kuhusu Wakikuyu, yeye mwenyewe akiwa Mkikuyu. Sehemu ya ardhi inaonyesha kwamba mashamba yale yalikuwa na wenyewe, kila ukoo na mpaka wake, wakati walowezi wakidai walikuta pori. Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, alikwenda Oxford, akasikia wahadhiri wakiita watu wake washenzi, akapinga darasani, na mwaka 1970 akachapisha hoja nzima dhidi ya namna Wazungu walivyoandika dini za Kiafrika. Hata Mwalimu Nyerere, alipokuwa Edinburgh, anthropolojia ya jamii ilikuwa miongoni mwa masomo yake.

Na yupo Archie Mafeje, ambaye naomba kila anayeingia kozi hii amjue. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimpa nafasi ya mhadhiri mwandamizi wa anthropolojia ya jamii, serikali ya makaburu ikashinikiza kwa sababu ni mweusi, baraza la chuo likaiondoa. Wanafunzi wakalikalia jengo la utawala kwa zaidi ya wiki. Mafeje akaja kufundisha Dar es Salaam, na mwaka 1971 akaandika kwamba neno "kabila" jinsi watafiti na magazeti walivyolitumia lilikuwa linaficha zaidi ya linavyoeleza: tabaka, ajira, nani anafaidika. Alipigana na taaluma hii akiijua mpaka kwenye mizizi. Chuo kilichomkataa kilikuja kuiomba radhi familia yake mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki.

Mkuu, maandishi kuhusu sisi yamejaa maktaba za watu. Yatakuwepo tukiyasoma au tusipoyasoma. Mimi nataka watoto wetu wawe na uwezo wa kuyafungua na kusema hapa kaona sawa, hapa kapotosha, hapa kaambiwa uongo na mkalimani. Kazi hiyo hatuwezi kuiachia wageni.

Mzalendo wa Kweli

Ya Mafeje sikuyajua. Hapo nimekuelewa. Ila wafundishwe hayo mwaka wa kwanza, wasingoje mwaka wa tatu.

Bi Mkubwa wa Tandika

Wanangu, nimesoma uzi wote. Nauliza, na utani mnausoma? Maana hili ni jambo letu hasa. Sisi Wazaramo, kwenye msiba wa kaka yangu walikuja watani Wanyamwezi. Jeneza linataka kutoka, mmoja kakaa mlangoni, miguu kainyoosha, anasema marehemu ana deni lake, hatoki mtu. Mwingine kavaa koti la marehemu, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye. Wafiwa tulikuwa tunalia na kucheka. Ukatolewa uji, zikatolewa hela, ndiyo njia ikafunguka. Na hao hao ndio walioshinda jikoni na kuteka maji. Mkwe wetu kutoka mbali alitaka kumpiga yule wa koti, ikabidi wazee wamshike.

Mwana wa Kiwira

Shikamoo Bi Mkubwa. Tunausoma, na ni katika mada zinazojaza ukumbi. Mwanaanthropolojia Mwingereza Radcliffe-Brown aliandika makala mashuhuri kuhusu uhusiano wa utani mwaka 1940, na mwaka 1944 Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa Amani kule Usambara, akaandika kuhusu utani wa Tanganyika. Maelezo yanayotolewa sana ni ya aina mbili: waliopigana wakapatana, kama Wangoni na Wahehe, na waliokutana kwenye njia za misafara, kama Wanyamwezi waliokuwa wakishuka pwani kupitia Uzaramo na kuhitaji pa kulala, pa kuzikia na pa kuuguzia.

Hoja ya Radcliffe-Brown ni kwamba pande mbili zenye sababu ya kuungana na sababu ya kugombana zinawekewa kanuni: tukaneni, lakini ni mwiko kukasirika. Mimi naona ulichosimulia kinakwenda mbele zaidi yake. Mtani anafanya kazi ambayo mfiwa haiwezi na mgeni haruhusiwi. Anamgusa marehemu, anashika jikoni, anasema kwa sauti yale ambayo ndugu wanayafikiri kuhusu marehemu na hawathubutu. Na yule mkwe wako aliyetaka kupigana ndiye angekuwa mada yangu ya ripoti, kwa sababu hasira yake ndiyo iliyoonyesha kanuni ilipo.

Bi Mkubwa, nakuomba uandike yote unayoyakumbuka, hata kwa simu. Vijana wengi wa mjini wanajua utani wa Simba na Yanga tu.

Msomi wa Eastlands

Mambo wadau. Mimi ni wa Nairobi, niko mwaka wa nne, na nakubaliana na mleta uzi kuhusu fildi. Mradi wangu niliufanya Gikomba kwa wauzaji wa mitumba. Belo likifunguliwa asubuhi, wateja wa kwanza wanaruhusiwa kuchagua zile nguo safi kabisa, tunaziita kamera, na bei yake iko juu. Kadiri masaa yanavyosonga bei inashuka, mpaka zinabaki zile za fagia, unauziwa kwa rundo. Nilidhani ni soko huria, mwenye pesa achukue. La hasha. Nani anapigiwa simu usiku kuambiwa belo litafunguliwa saa ngapi, hapo kuna undugu, kuna kanisa, kuna chama cha akina mama, kuna deni la zamani. Mama mmoja alikuwa akimwekea kamera mteja wake hata kama mwingine ametoa zaidi, kwa sababu huyo mteja alimkopesha mtaji soko lilipoungua.

Kwa wanaokuja: Kenya, utafiti unahitaji kibali cha NACOSTI, Tanzania ni COSTECH, yaani tume za sayansi na teknolojia za nchi hizi. Kwa shahada ya kwanza muulize msimamizi wako mapema kama barua ya chuo inatosha. Usingoje muhula wa mwisho.

Mama Neema wa Dodoma

Mwanangu, nimefurahi kusoma, lakini nina swali la mzazi. Binti yangu kachaguliwa. Baba yake anauliza ajira iko wapi. Nimjibu nini?

Mwana wa Kiwira

Mama, shikamoo. Nitakujibu kama ninavyomjibu mzazi wangu.

Ualimu, uuguzi au uhasibu una mlango wenye kibao. Hii haina, inabidi binti ajitengenezee njia mapema. Waliohitimu ninaowajua wako kwenye miradi ya afya, kambi za wakimbizi, kampuni za utafiti wa soko, makumbusho, ufuatiliaji na tathmini kwenye mashirika. Serikalini, nafasi za maendeleo ya jamii zinatangazwa na sifa zimeandikwa: asome tangazo kwa makini aone kama anthropolojia imetajwa, maana mara nyingine wanataja sosholojia peke yake. Kama shahada anayokwenda kusoma ina majina yote mawili, ni faida kwake. Aongeze uchambuzi wa takwimu kwa kompyuta na uandishi mzuri wa ripoti. Na asikae likizo bila kujitolea mahali.

Lakini naomba umweleze baba yake na hili. Mwaka 2014, Ebola ikisambaa Guinea, alifariki mama mjamzito wa Kikissi. Desturi yao hairuhusu mjamzito azikwe na mtoto tumboni. Familia ilitaka mtoto atolewe kwanza. Wataalamu wa afya hawakuweza kukubali, kwa sababu kuupasua mwili ule kungeambukiza wengine. Hapo hakuna aliyekuwa mkaidi, kila upande ulikuwa unaogopa kitu cha kweli. Julienne Anoko, mwanaanthropolojia wa Cameroon aliyekuwa na Shirika la Afya Duniani, alikaa na watu wakatafuta njia, ikapatikana ibada ya fidia inayojulikana na wazee, vitu vyake vikagharimiwa, mama yule akazikwa bila kupasuliwa na kijiji kikaridhika. Novemba mwaka huohuo shirika hilo likatoa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima. Ugonjwa ule uliua zaidi ya watu 11,000 Afrika Magharibi, na maambukizi mengi yalipitia kwenye kuosha na kuzika maiti. Daktari alijua kirusi. Palihitajika pia mtu anayejua kuuliza wazee.

Hiyo ni kazi, Mama, na inalipwa. Binti asome.

Mama Neema wa Dodoma

Marahaba. Nimemsomea baba yake. Amenyamaza, kisha akauliza ada ni kiasi gani. Nadhani tunakwenda vizuri.

Kijana wa HGL

Kaka, nimeshaijaza, chaguo la pili. Kabla chuo hakijafunguliwa naweza kujizoesha nini?

Mwana wa Kiwira

Safi sana. Chagua mahali pamoja unapoweza kwenda mara nyingi bila nauli: genge, saluni, mashine ya kusaga, kisima. Waeleze wenyewe unafanya nini, usijifiche. Wakikataa, shukuru, tafuta pengine.

Ukiwa pale usiandike mbele za watu muda wote, utaonekana kama polisi anayewahoji. Shika maneno machache kwenye simu, kisha andika kwa kirefu usiku uleule, kwa sababu ukilala nusu yake imepotea. Gawa ukurasa: upande mmoja ulichokiona na kukisikia, upande wa pili unachodhani kina maana gani. Usivichanganye. Ukiandika "mama alikasirika", rudi uandike alifanya nini hasa: alifunga mfuko wa unga bila kujibu, akampa mgongo mteja. Majina ya watu badilisha yote tangu siku ya kwanza, na daftari usimwonyeshe mtu wa mtaani.

Ukienda fildi rasmi baadaye utapita kwa barua: chuo, mkoa au wilaya, kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Beba nakala za kutosha na uwe na subira, kwa sababu ofisi hizo nazo ni fildi. Aliyekupokea vizuri na aliyekuzungusha, wote waandike.

Ukiwa na kurasa mbili tatu ziweke hapahapa, majina ukiwa umeyabadilisha. Nitazisoma, na Msomi wa Eastlands naye akipata nafasi tutamwomba azisome.